Muuza Programu Ashuke Voi

Ukitaka kuelewa hali ya ofisi ndogo ya uhasibu mjini Voi, anza na barabara. Nairobi iko zaidi ya kilomita 300 upande mmoja, Mombasa kama 150 upande wa pili, na wengi wanaouza programu za hesabu humu nchini wana ofisi katika mojawapo ya miji hiyo miwili. Sisi tuko njiani. Mabasi husimama hapa abiria wanyooshe miguu, wanywe chai, wapande tena. Kwa miaka mingi wauzaji wa programu walipita vivyo hivyo, wakimkimbilia mteja mkubwa wa bandarini au hoteli ya pwani, na mhasibu wa Voi akabaki na namba ya simu isiyopokelewa. Nimeshika vitabu vya hesabu tangu ujana wangu, na katika yote niliyojifunza hapa, lililonifaa zaidi ni namna ya kuwafanya watu hao washuke.

Si jambo la pembeni hata kidogo. Tangu mfumo wa ushuru wa mtandaoni, iTax, uanze mwaka 2013, kazi yetu imehamia kwenye kompyuta na haitarudi. PAYE, yaani kodi ya mishahara, inawasilishwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, VAT kufikia tarehe 20, na ritani za watu binafsi mwisho wake ni Juni 30. Programu ya mishahara ikikwama usiku wa tarehe 8, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Sikujua hamjui aliyeitengeneza. Ananijua mimi. Asubuhi atakuja, atavuta kiti, na ataniuliza, "Mama, hii faini italipwa na nani?" Ni swali la haki. Alinipa vitabu vyake kwa sababu aliniamini, na imani ile inanifuata hata kwenye kitu nilichonunua kwa mtu mwingine.

Wateja wetu ni wa aina ambayo wauzaji wa programu hawakuifikiria walipokaa kuitengeneza. Kuna loji karibu na lango la Tsavo Mashariki zenye wafanyakazi wengi msimu wa wageni na wachache mvua zikinyesha. Kuna shule za binafsi zinazopokea karo kidogo kidogo kwa M-Pesa. Kuna wanaonunua ndizi Taveta na kuzishusha Mombasa usiku, vyama vya akiba vya milimani Wundanyi, na wenye vito vya Kasigau na Mwatate. Orodha ya wateja kama hii, kwa muuzaji aliyezoea viwanda vya Mombasa, ni kero tupu. Nilichukua muda kuona kwamba ndiyo mali yetu.

Kwanza ilinibidi nijue hasa ninazungumza na nani. Tally ilianzishwa Bengaluru, India, mwaka 1986, mzee Goenka alipokosa programu ya kumwendeshea hesabu za biashara yake akamwambia mwanawe aitengeneze. Pastel ilitoka Afrika Kusini, kisha Sage ya Uingereza ikaipata mwaka 2003 iliponunua kampuni ya Softline. QuickBooks ni ya Intuit ya Marekani. Ni bidhaa nzuri, na zimewalisha wahasibu wengi Afrika Mashariki nikiwemo mimi. Lakini mtengenezaji wa Bengaluru au California hatasikia kilio cha Voi moja kwa moja. Kati yetu na yeye yuko wakala, kampuni ndogo ya hapa nchini yenye kibali cha kuuza na kusaidia, ambayo mara nyingi haina watu wengi kuliko ofisi yangu. Jina lililo kwenye programu ni la mwingine. Uhusiano wako ni na wakala huyu, tena ndani ya wakala ni na fundi mmoja au wawili wanaojua kazi. Aliyekuuzia, ambaye anavaa vizuri na kupokea simu upesi, akishapata saini yako ameshamaliza lake.

Niliwahi kuwa na wakala aliyepokea simu kila mara mpaka siku pesa za leseni zilipoingia. Baada ya hapo tukawa tunasikia muziki wa kusubiri. Simtaji, na wala simwekei kinyongo, kwani yeye ndiye aliyenifanya niweke desturi ambayo ofisi yetu inaishika mpaka leo. Kabla ya kununua chochote, tunaomba namba ya msaada na tunaipigia jioni ya tarehe 8, au Jumamosi mchana, na swali la kweli kutoka kwa mteja wa kweli. Hatuangalii kama wana jibu papo hapo. Tunaangalia kama mtu aliyepokea anauliza swali la pili. Fundi anayeuliza, "Huyo mfanyakazi aliajiriwa katikati ya mwezi au mwanzoni?" huyo anafikiri pamoja nawe. Anayesema zima kompyuta uwashe tena, tunamshukuru na kuendelea kutafuta.

Halafu ukaja mwaka 2023, na wa 2024 nyuma yake, na kila uhusiano tuliokuwa nao ukapimwa hadharani.

Nitaeleza kwa mpangilio, maana aliyekuwa nje ya kazi hii huenda hakuona wingi wake. Februari 2023, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Rufaa, Sheria ya NSSF ya 2013, ya mfuko wa pensheni, ilianza kutekelezwa: makato yaliyokuwa shilingi 200 yakawa asilimia 6, yakifika shilingi 1,080 kwa mfanyakazi na kiasi hicho hicho kwa mwajiri. Julai ikaja tozo ya nyumba, asilimia 1.5 kila upande, pamoja na viwango vipya vya PAYE vya asilimia 32.5 na 35 kwa mishahara mikubwa. Novemba 28 Mahakama Kuu ikasema tozo ile inakiuka katiba, lakini utekelezaji wa hukumu ukaahirishwa kwa muda. Januari 26, 2024, Mahakama ya Rufaa ikakataa kuurefusha muda huo, na tozo ikasimama. Februari makato ya NSSF yakapanda tena, juu kabisa yakawa 2,160. Machi 19 sheria mpya ya nyumba za bei nafuu ikairudisha tozo. Oktoba bima ya afya ya NHIF ikazikwa na SHIF ikashika nafasi yake kwa asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu. Na Desemba 27, watu wakiwa bado wanakula Krismasi, sheria ikabadilika tena: SHIF na tozo ya nyumba vikawa vinaondolewa kwenye mshahara kabla ya kukokotoa PAYE.

Kila badiliko hapo lilikuwa na mwezi wake wa kuanzia, na loji yenye vibarua wa msimu haingoji. Mfanyakazi anashika hati yake ya mshahara, anasoma mstari kwa mstari, anauliza kwa nini pesa zimepungua. Katika miezi ile niliona tofauti kati ya wakala na wakala. Mmoja alituma masahihisho ya programu pamoja na ankara, na maelezo hakuna. Mwingine alitupigia simu yeye mwenyewe. Alitaka kujua tunavyotafsiri kifungu cha mfanyakazi aliyelipwa Januari kwa kazi ya Desemba, na kama tunaweza kuyajaribu masahihisho kwa orodha ya mishahara ya mteja mmoja, majina yakiwa yamefutwa, kabla hajayatoa kwa watu wengine.

Kwa nini alitupigia sisi, wakati ana wateja wakubwa Mombasa wanaomlipa mara nyingi zaidi? Jibu lake ndilo kiini cha yote ninayotaka kusema. Tulikuwa tumemwandikia kwa miaka. Kila tulipokuta kosa kwenye programu yake, hatukupiga simu kulalamika kwamba haifanyi kazi. Tuliandika barua pepe fupi: toleo la programu, tarehe, picha ya skrini, hesabu yetu ya mkono ikionyesha tarakimu iliyotakiwa, na kifungu cha sheria tulichokitegemea. Msichana wetu wa ofisini, aliyekuja kwa mafunzo kutoka Chuo Kikuu cha Taita Taveta akabaki, ndiye aliyeuweka mtindo huo ukawa wa kawaida. Barua moja ya namna hiyo inamwokolea fundi kazi ya siku nzima ya kutafuta tatizo liko wapi. Kampuni kubwa haziandiki hivyo. Kule mhasibu anamwambia mkuu wa kompyuta, naye anamwambia mwingine, na ujumbe unafika umekwisha nguvu. Sisi tuko wachache, aliyeona kosa ndiye anayelieleza.

Udogo wetu, basi, una thamani mahali hapo, na nasema hili kwa mhasibu yeyote wa Mwatate, Kwale au Hola anayedhani hana cha kumpa muuza programu isipokuwa pesa chache. Pesa zetu hazitamshtua mtu. Habari tunazo. Tunajua mauzo yanavyofanyika pale ambapo programu haijawahi kufika, na mtengenezaji anayetaka kukua ana haja na habari hizo kuliko anavyokiri mbele ya mteja.

Mboga za loji zilinionyesha hilo kwa ukamilifu. Sheria ya Fedha ya 2023 ilisema kwamba kuanzia Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haitakubaliwa kupunguza faida inayotozwa ushuru, isipokuwa chache zilizotajwa. Wafanyabiashara wasiosajiliwa kwa VAT walipewa hadi Machi 31 kujiunga. Kwenye karatasi ni jambo linaloeleweka. Sasa chukua loji ya Voi. Kabeji, viazi na karoti zake zinatoka milimani Wundanyi. Ndizi zinatoka Taveta. Mkulima anafika na gunia, ana simu ya kabambe, anataka alipwe kwa M-Pesa awahi matatu ya kurudi. Ankara ya kielektroniki kwake ni habari ya mbali. Mwenye loji anabaki na gharama halali aliyolipa kwa jasho lake, na kwenye hesabu ya ushuru inaonekana kama faida.

Programu tulizokuwa nazo zilitaka kitu kimoja: namba ya ankara ya muuzaji. Bila namba, skrini haisongi. Nilimpigia yule wakala aliyetupigia kuhusu masahihisho, ambaye ndiye fundi mwenyewe, nikamwambia kwa unyenyekevu lakini bila kuzunguka, "Ndugu yangu, haya hayaelezeki kwa simu. Panda treni, shuka Voi, nikuonyeshe."

Akashuka. Hili lisingewezekana kirahisi zamani, lakini Madaraka Express ilizinduliwa Mei 31, 2017, na baadaye treni yake inayosimama vituo vya kati imetusogeza karibu na watu wa Nairobi na Mombasa kuliko basi lilivyowahi kufanya. Tulimkalisha kwanza na mtunza stoo wa loji, kijana makini anayejua bei ya kila kitu kuanzia Mbololo mpaka Holili. Kisha tukapanda naye Mwatate hadi Wundanyi. Barabara inajikunja mlimani, na kwenye kona kadhaa mtandao unakatika kabisa. Alitazama simu yake, akatazama bonde, akaandika kwenye daftari. Siku ya gulio tukaenda Taveta. Kule aliona ndizi zikiuzwa kwa mkungu, nyanya kwa kreti, maharage kwa debe, na hakuna mzani karibu. Aliona mama mmoja akiuza mzigo wa majirani zake wote pamoja na wake, na kugawa pesa baadaye kijijini. Aliuliza, "Sasa hapa muuzaji ni nani?" Nikamwambia hilo ndilo swali nililomleta kulijibu.

Alirudi na kubadilisha sehemu ya manunuzi. Mtunza stoo sasa anaweza kuandika jina la mkulima, namba yake ya simu na PIN yake ya ushuru kama anayo, kipimo kinachotumika sokoni, na kiasi kilicholipwa pamoja na namba ya muamala wa M-Pesa. Kumbukumbu inahifadhiwa hata pasipo mtandao, inaondoka yenyewe mtandao ukirudi. Mwishoni mwa 2024 sheria iliporuhusu mnunuzi atoe ankara kwa niaba ya mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 5, wateja wetu walikuwa tayari na kila taarifa iliyohitajika. Wafanyabiashara wengine ilibidi waanze kuwatafuta wakulima wao upya. Fundi aliniambia kwamba sehemu ile ameiuza hadi Meru na Kisii, kwa wanunuzi wa ndizi na wa avokado. Nilifurahi sana, kwa sababu akipata soko kwa kilichotoka Taveta, atarudi Taveta kutafuta kingine.

Tulichokiomba sisi kwa malipo ya kazi hiyo hatukukiomba kwa aibu. Tuliomba bei ya shilingi. Programu nyingi za mtandaoni hulipiwa kwa dola kila mwezi, na Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, kisha ndani ya miezi michache ikashuka hadi kama 130. Mwenye shule ya Kaloleni hawezi kupanga bajeti kwa bei inayoruka namna hiyo. Wakala wetu alikubali kutufungia bei kwa mwaka mzima kwa pesa za nyumbani. Aliye na wateja elfu hangehitaji kusikiliza ombi la ofisi kama yetu. Yeye alisikiliza kwa sababu alikuwa amekaa kwetu akala.

Kamisheni ni jambo jingine, na hapo sina maneno mengi. Karibu kila muuzaji atampa mhasibu fungu fulani kwa kila mteja anayemleta. Maadili ya taaluma yetu, ambayo ICPAK, chama cha wahasibu, inayasimamia, hayamruhusu mhasibu kumficha mteja maslahi ya namna hiyo. Sisi tunalipitisha fungu lote kwa mteja kama punguzo, likionekana kwenye ankara yake. Ninawaheshimu wenzangu wanaolipokea na kulitangaza kwa mteja; lakini nimeona kwamba mhasibu asiyekula kwa muuzaji ana sauti kubwa zaidi siku ya kumwambia kazi yake ni mbovu.

Na lazima uweze kumwambia hivyo, na ikibidi uondoke. Kwangu mimi urafiki na muuza programu unaanza na swali la kuagana: nikitoka, ninatoka na nini? Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inamtaka mlipa ushuru atunze rekodi zake kwa miaka 5. Sheria ya Makampuni ya mwaka huo huo inakwenda hadi 7 kwa vitabu vya kampuni. Leseni ya mwaka mmoja inakufa mapema mno kabla ya wajibu huo kwisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inataka pawe na mkataba wa maandishi kati ya mwenye data na anayemchakatia, na majina, mishahara na namba za vitambulisho vya wafanyakazi wa wateja wetu yote yako mle ndani. Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka tunatoa leja zote nje ya programu, tunazifungua kwenye kompyuta isiyo na programu hiyo, na tunalinganisha urari. Zikilingana tunalala. Muuzaji mmoja aliwahi kutuambia faili zitatoka kwa ada maalumu. Tulilipa ada ile, tukachukua faili, tukahama na wateja wetu.

Mawakala wazuri hawaudhiki na swali hili. Yule wa treni alilijibu kabla sijamaliza kuuliza, kisha akaongeza la kwake: nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini Mei 2024, intaneti ya nchi nzima ikawa ya kusuasua, akatuandikia jinsi ya kuendelea na mishahara kwa nakala iliyo ofisini mpaka hali itengemae. Hatukuwa tumemwomba.

Siku hizi hatuzungumzi naye peke yetu. Wahasibu wa ofisi ndogo za Voi, Mwatate na Taveta tunakutana, tunalinganisha makosa tuliyoyaona, na tunaandika barua moja. Kuna waliosita mwanzoni, wakihofia kunyang'anyana wateja. Nadhani hofu hiyo imepungua walipoona kwamba malalamiko ya ofisi kadhaa pamoja hushughulikiwa wiki hiyo hiyo, na kwamba mafunzo ya programu, ambayo zamani yalifanyika Mombasa kwa gharama ya nauli na malazi, sasa mwalimu anakuja kwetu.

Barua tunayoiandika sasa inahusu vito. Mchimbaji mdogo wa Kasigau anamkabidhi dalali jiwe likiwa bado na udongo, bei inakubaliwa baada ya kusafishwa na kupimwa, wakati mwingine baada ya kukatwa, na kwa muda huo wote jiwe liko mkononi mwa mtu asiye mwenyewe. Likiuzwa, pesa zinagawanywa kati ya mwenye shimo, wachimbaji na aliyewalisha wakati wa kuchimba. Hakuna programu niliyoiona inayoweza kuandika safari ya jiwe hilo kuanzia shimoni hadi kwa mnunuzi, pamoja na haki ya kila mmoja. Tumeichora kwenye karatasi, hatua kwa hatua, tukishirikiana na wanaofanya biashara hiyo, na tumeweka mfano wa hesabu kwa gramu na kwa karati. Fundi ameomba aje akae na madalali kabla ya kuandika chochote, na mara hii anakuja na mwenzake.